Kinachochoma mchanga huhifadhiwa ndani ya nini?

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa kwanza. Nimekutana na maelezo kuhusu klorini trifloridi (ClF₃) yanayodai kwamba inachoma mchanga, zege, kioo, asbesto na hata maji, na kwamba moto wake hauzimiki kwa njia yoyote ya kawaida. Nilimwonyesha mwenzangu akanicheka. Akasema kama hayo yangekuwa kweli, kemikali hiyo ingeula mtungi wake yenyewe, kwa hiyo ni uzushi tu. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Kuhusu mchanga uko sahihi, hakuna aliyetia chumvi. Lakini usimcheke mwenzako naye, maana swali lake la mtungi limegusa kiini cha jambo lote. ClF₃ kweli huula mtungi wake. Huula juujuu, siku ya kwanza, kisha huacha. Nitakueleza kwa nini huacha, ila kwanza tuliweke sawa neno "kuungua", kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.

Tumezoea kufikiri kwamba kuungua ni kuungana na oksijeni. Kuni huungua, mafuta ya taa huungua, utepe wa magnesiamu huungua, na kinachobaki tunakiita majivu: kitu ambacho oksijeni imekwisha kumalizana nacho. Sasa tazama vitu tunavyovitegemea penye hatari ya moto. Mchanga ni silikoni iliyokwisha kuungana na oksijeni. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Zege kwa sehemu kubwa ni oksidi za kalsiamu, silikoni na alumini zilizoshikana, pamoja na maji yaliyofungwa humo ndani. Asbesto ni silikati, yaani silikoni na oksijeni zilizofungamana na metali, na aina zake nyingi zina magnesiamu. Kwa macho ya mwanakemia vyote hivyo ni majivu. Tunavimwagia moto, au tunajengea navyo kuta, tukijua kwamba oksijeni haiwezi kuvichoma mara ya pili.

Hilo ni kweli mradi mchomaji ni oksijeni. Klorini trifloridi haimhitaji mchomaji huyo. Imebeba florini, elementi pekee inayovuta elektroni kwa nguvu kuliko oksijeni, na ikikuta kitu ambacho oksijeni imekikalia, inaitoa oksijeni kitini na kukaa yenyewe. Mchanga ukikutana nayo, mmenyuko unaweza kuandikwa hivi:

3SiO₂ + 4ClF₃ → 3SiF₄ + 3O₂ + 2Cl₂

Upande wa kulia oksijeni imetoka ikiwa gesi huru. Imefukuzwa. Ukitaka kuona kwa nini haiwezi kukataa, chukua jedwali la nishati za uundaji, yaani nishati inayotoka kitu kinapoundwa kutoka kwa elementi zake. Moli moja (kipimo cha wingi wa chembe) ya silika, yaani mchanga wenyewe, imekaa kwenye kina cha kilojuli 911 hivi chini ya elementi zake. Moli moja ya silikoni tetrafloridi (SiF₄) imekaa kwenye kina cha kilojuli 1,615 hivi. ClF₃ yenyewe iko juu sana, kilojuli 160 na kitu tu chini ya elementi zake, maana yake haijatulia vizuri pale ilipo. Piga hesabu ya mmenyuko mzima utaona joto la kilojuli zaidi ya 1,400 linatoka. Mchanga unawaka.

Hapa nina kijineno na wanaopenda kusema "inachoma kila kitu". Kwenye alama ya hatari ya almasi inayotumika Marekani, ile yenye miraba minne ya rangi, ClF₃ hupewa 4 kwenye afya, 3 kwenye uthabiti, na kwenye mraba mwekundu wa kuwaka hupewa sifuri. Sifuri! Yenyewe haiwaki. Ni kioksidishaji: inachoma wengine. Mraba mweupe ndio unaosema ukweli wake, kwa kuwa huandikwa kwamba ni kioksidishaji na kwamba haipatani na maji. Mtu anayesoma mraba mwekundu peke yake anaweza kudhani amekutana na kitu cha upole.

Tuitazame sasa molekuli yenyewe. Klorini iko katikati, florini tatu zimepangika kama herufi T iliyopinda kidogo, pembe kati ya mkono na shina ikiwa nyuzi 87.5. Klorini imebaki na jozi mbili za elektroni zisizoshirikishwa, nazo ndizo zinazoisukuma mikono hiyo kurudi nyuma. Vifungo viwili vya mikono ni virefu kuliko cha shina, na kifungo kirefu ni kifungo legevu. Kwa hiyo florini zake zinapatikana kirahisi, na hilo ndilo jambo la kukumbuka kuhusu umbo lake.

Gesi yake haina rangi. Kimiminika chake kina rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, hafifu. Inachemka kwenye nyuzi 11.75 za Selsiasi, na nambari hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Florini tupu inachemka kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri, kwa hiyo katika hali ya kawaida unaikuta kama gesi nyembamba tu. ClF₃ unaweza kuiweka kimiminika kwa kuipoza kidogo au kuibana kidogo. Lita moja ya kimiminika hicho ina uzito wa karibu kilo 1.8. Ukihesabu atomu za florini zilizomo, unapata kiasi ambacho kingehitaji takriban lita 700 za gesi ya florini kwenye shinikizo la kawaida la hewa. Ndiyo maana watu husema ClF₃ ni kali kuliko florini yenyewe. Kwa nguvu ya asili huo ni utata wa kubishaniwa, lakini kwa wingi wa florini unaofika mahali pamoja kwa wakati mmoja, hakuna ubishi.

Haya, mtungi.

Chuma nacho kinaungua kikikutana na ClF₃, na shaba, na nikeli. Tofauti iko kwenye majivu yao. Silikoni ikiungua kwa florini inakuwa SiF₄, gesi, nayo inaondoka na kuacha uso mpya wazi, tayari kuliwa. Kaboni inakuwa gesi vilevile. Tangsteni inakuwa WF₆, inayochemka kwenye nyuzi 17 tu, na molibdenamu inafanana nayo. Vitu hivi havina kinga yoyote kwa sababu majivu yao hayakai. Nikeli inakuwa NiF₂, kitu kigumu kisichoyeyuka mpaka upite nyuzi 1,400, na kinachonatia kwenye metali iliyo chini yake. Floridi za chuma na za shaba, yaani metali hizo zikiwa zimeungana na florini, nazo ni ngumu na hukaa palepale. Utando huo ukishafunika uso wote, florini haina tena cha kuchukua. Imekutana na majivu yake yenyewe, na hayo haiwezi kuyachoma.

Wahenga wetu walisema dawa ya moto ni moto, na hapa msemo huo ni maelezo ya kazi. Kabla mtungi, mabomba na valvu havijapokea ClF₃, huoshwa mpaka visiwe na mafuta wala maji, hukaushwa, kisha huachiwa kiasi kidogo cha gesi ya florini au cha ClF₃ yenyewe iliyozimuliwa kwa naitrojeni, kikiongezwa polepole. Uso wa ndani unachomwa taratibu, kwa makusudi, ili usije ukachomwa ghafla. Chuma cha pua kinatosha kwa joto la kawaida. Penye joto kubwa hupendwa nikeli, au aloi ya nikeli na shaba. Plastiki iliyosheheni florini, ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, inastahimili gesi iliyotulia, lakini kimiminika kinachokwenda kasi kinaweza kuiwasha. Titani usiiguse kabisa, majivu yake hayamkingi mtu.

Mwambie basi mwenzako kwamba mtungi haukuokolewa na uimara wake bali na ule utando mwembamba wa floridi, na utando huo una adui zake. Tone la mafuta kwenye kiungio ni kuni. Chembe ya mchanga ni kuni. Unyevu ni kuni. Mkwaruzo unafunua chuma kipya, na kama mkwaruzo huo umekuja na joto, chuma nacho huweza kuwaka kabla utando mpya haujafunga. Nilipokuwa mwanafunzi nikijifunza kufunga mabomba ya florini iliyozimuliwa, tena florini ya asilimia chache tu, mkufunzi alinifungulisha mfumo mzima na kuuosha upya kwa sababu aliniona nimegusa uso wa kiungio kwa kidole kisicho na glavu. Siku ile nilimwona mkorofi. Mafuta ya kidole kimoja yalinigharimu siku mbili za kazi.

Ipo ajali ya Marekani inayosimuliwa sana na watu wa fani hii. Mtungi wa chuma wenye kubeba tani moja ulipozwa kwa barafu kavu ili kurahisisha kuujaza. Kemikali ilikuwa shwari ndani ya utando wake. Kilichosaliti ni chuma: baridi ile, inayokaribia nyuzi 78 chini ya sifuri, ilikifanya kiwe kikavu na chepesi kuvunjika, na wakati wa kuuhamisha mtungi ukapasuka. Tani nzima ikamwagika sakafuni. Ilikula zege la unene wa sentimita 30 hivi na kuendelea kuchimba kokoto zilizokuwa chini, karibu mita moja. Ninaipenda hadithi hii, kama neno kupenda linafaa, kwa sababu kila aliyekuwepo alikuwa anaiogopa kemikali, na hakuna aliyeiangalia metali.

Sifa hizi si ugunduzi wa juzi. Mfaransa Henri Moissan aliitenga florini mwaka 1886, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1906. ClF₃ ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1930 na Otto Ruff na mwenzake Krug. Haikuchukua muda jeshi la Ujerumani likaitamani, likaipa jina la siri N-Stoff, na kiwanda cha chini ya ardhi kikajengwa Falkenhagen, mashariki ya Berlin, kwa lengo la kutoa tani 90 kwa mwezi. Mpaka Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vinakaribia kwisha yalikuwa yametoka makumi machache tu ya tani, na silaha hiyo haikutumika vitani. Baadaye wahandisi wa roketi wa Marekani waliijaribu pamoja na hidrazini, fueli ya roketi, maana viwili hivyo vikikutana huwaka bila kiberiti. Kwa karatasi ilikuwa nzuri mno. Kwa mikono ya watu wa kujaza matangi haikuwa hivyo.

Kazi zilizodumu ni zile ambazo tabia ya kugeuza kitu kigumu kuwa gesi inatakiwa. Viwanda vya kurutubisha urani viliitumia kusafisha mashine: mabaki ya urani yaliyoganda kwenye kuta hugeuka urani heksafloridi (UF₆), nayo ni rahisi kuivuta kama mvuke. Viwanda vya chipu za kompyuta huitumia kusafishia vyumba ambamo tabaka za silikoni na tangsteni hupakwa. Mabaki yale yale ya tangsteni niliyokwambia hayana kinga ndiyo yanayotakiwa kuondoka, na kuta za chumba, zikiwa na utando wao, zinabaki. Kuna gesi nyingine inayofanya kazi hiyo, naitrojeni trifloridi, iliyo tulivu zaidi kwa mfanyakazi, lakini huhitaji kuvunjwavunjwa kwanza kwa umeme, na ikivuja hupasha dunia joto mara maelfu kuliko kaboni dioksidi kwa uzito uleule. ClF₃ ikivuja haifiki mbali angani, unyevu wa hewa unaivunja. Tatizo lake liko karibu, kwa aliyesimama pale.

Na wanajiolojia! Hili hunifurahisha kila nikilitaja. Wakitaka kupima isotopu za oksijeni (atomu za oksijeni zenye uzito tofauti) ndani ya mwamba, wanahitaji kuitoa oksijeni yote kwenye silikati. Kwa moto wa kawaida haitoki. Mwaka 1963 Clayton na Mayeda walieleza njia ya kutumia bromini pentafloridi, ndugu wa ClF₃, na mwaka 1982 Borthwick na Harmon wakaonyesha kwamba ClF₃ inafaa pia. Kile ambacho mwenzako anakiita uzushi, kuna watu wanakifanya kwa miligramu chache ndani ya mirija ya nikeli ili kujua mwamba ulizaliwa kwenye joto gani.

Umeniuliza pia kuhusu kuzima. Maji ni kosa la kwanza analofanya mtu, kwa sababu maji ni majivu ya haidrojeni na ClF₃ inayafanyia kama ilivyoufanyia mchanga: kwa kishindo, ikitoa haidrojeni floridi, haidrojeni kloridi na michanganyiko mingine ya klorini, florini na oksijeni ambayo nayo haifai kuvutwa. Mchanga umeshauona. Kaboni dioksidi na vifaa vingine vya kuifukuza hewa havisaidii, kwa kuwa moto huu haukuwa unaitegemea hewa. Kinachobaki ni kuzuia chanzo, yaani kufunga valvu ikiwa inafungika kutoka mbali, kuwahamishia watu upande ule upepo unakotokea, na kuiacha imalize ilichonacho. Gesi yake ni nzito karibu mara tatu ya hewa, hutambaa chini na kukaa mashimoni na kwenye mitaro, hivyo kukimbilia bondeni si kukimbia. Maji ya kupuliziwa kama ukungu hutumika pembeni, mbali na chanzo, kuangusha mawingu ya asidi, na kupoza mitungi mingine iliyo jirani.

Wanaosimulia sakafu ya zege huwa wanausahau mwili. Wingu jeupe unaloliona likitokea kwenye uvujaji tayari ni ClF₃ iliyokutana na unyevu wa hewa. Macho, koo na mapafu vina unyevu mwingi kuliko hewa. Marekani imeweka kikomo cha sehemu 0.1 kwa milioni ambacho mfanyakazi hatakiwi kukipita hata kwa dakika moja, na sehemu 20 kwa milioni huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Harufu yake inaelezwa kuwa tamu inayokaba, nisingependa mtu ajaribu kuhakikisha. Aliyeivuta anaweza kujisikia nafuu, akaomba kurudi kazini, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji. Kwa hiyo huyo hukaa chini ya uangalizi hata akisema hajambo.

Kwenye ngozi kuna majeraha mawili kwa mpigo: la moto, linaloonekana, na la haidrojeni floridi, ambalo huenda lisionekane. Darasani umefundishwa kwamba asidi ya haidrofloriki ni asidi dhaifu, na ni kweli, haiachani na haidrojeni yake kirahisi. Udhaifu huohuo ndio ubaya wake. Molekuli nzima, isiyo na chaji, inapenya ngozi na kuzama ndani, kisha huko ndani ioni za floridi zinakamata kalsiamu na magnesiamu ya mwili. Maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Kalsiamu ikishuka sana kwenye damu, moyo unapoteza mapigo yake ya kawaida.

Kwa hiyo aliyerushiwa huvuliwa nguo na kumwagiwa maji mengi mara moja, yaani mengi kabisa, kwa muda mrefu. Hapa maji ni sahihi, kwa sababu kilichobaki kwenye ngozi ni kidogo na lazima kiondoke. Kisha hupakwa jeli ya kalsiamu glukoneti, ya asilimia 2.5, inayotoa kalsiamu ili floridi iikamate hiyo badala ya ile ya mwili. Maabara yoyote yenye florini bila jeli hiyo karibu na mlango, toka nje. Na ukimsindikiza mtu hospitali, taja neno "floridi" mapema, kabla hata ya kusimulia ajali ilivyotokea. Ukisema "asidi" tu, anaweza kutibiwa kama aliyeunguzwa na maji ya betri, akafungwa bendeji na kuruhusiwa kurudi nyumbani.